Waliofuata Rangi

Kijijini,
9 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimefika mzima, miguu yote miwili na meno yote mdomoni, kwa hiyo mwambie shemeji aache kukutania kwamba nitarudishwa kwa machela.

Najua bado umeninunia. Ulitaka huu mwaka wa kungojea chuo niumalizie dukani kwako, nikishona vifungo na kupiga pasi, siyo kwenda kujitolea kwenye miti ya watu. Lakini ungeuona huu msitu, dada, hata wewe ungenyamaza. Kuna miti ambayo watu wanne wakishikana mikono hawaizunguki.

Simu hapa ni tochi tu. Mnara ulipigwa na radi na hakuna aliyekuja kuutengeneza. Barua zangu atazileta dereva wa mradi wetu wa kulinda msitu, anayeshuka mjini kila wiki kuchukua mafuta. Zako mpe yeye.

Asubuhi nakaa kitaluni na akina mama wa kijiji, tunajaza udongo kwenye vifuko na kupanda mbegu. Wananicheka nikishika jembe. Mchana ndiyo kazi ninayoipenda. Napewa kopo la rangi nyekundu na brashi, naingia msituni kutafuta miti mikongwe, na kila ninaouona naupiga mstari mmoja kifuani. Mratibu wetu, yule bwana aliyekuja kunichukua dukani kwako, anasema mti wenye rangi ni mti uliowekewa ulinzi. Hakuna atakayethubutu kuugusa. Jioni namweleza nilipofika, anatikisa kichwa na kusema, "Una jicho, binti. Una jicho kweli."

Nimepangiwa kwa mama mmoja ambaye watoto wake wote wameshaolewa na kuhamia mbali. Tunamwita Mama Mwenyeji. Ana maneno makali na mkono laini. Jana aliniwekea maji ya moto ya kuoga bila kuombwa, kisha akanigombeza kwa kuchelewa kuyaoga. Mumewe ni mpasua mbao, mtu mrefu anayeanza sentensi na kuiacha njiani. Anatoka alfajiri, anarudi jua likizama, anakula, analala.

Usininunie sana. Utaota mikunjo.

Mdogo wako,
Kijiti


Mjini,
18 Februari

Kijiti,

Marahaba. Mikunjo nilishaota siku ulipopanda lile gari.

Sijanuna, nina wasiwasi, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Huyo Mratibu wako alipokuja hapa alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniita "dada yetu" kabla hata sijamwambia kama nina mdogo. Mtu akiwa mtamu hivyo mimi huangalia mkoba wangu uko wapi. Shemeji yako anasema nina roho mbaya. Mwache aseme, yeye aliuziwa betri mbovu mara mbili na mtu yule yule.

Na huyo mpasua mbao anayetoka alfajiri anapasua mbao za nani, mahali ambapo miti inalindwa? Nauliza tu.

Hapa mambo si mazuri wala si mabaya. Cherehani yangu kubwa imekata roho katikati ya sare za shule, na fundi ananizungusha kila siku na hadithi mpya. Usimwambie mtu, wateja wakisikia watahamia kwa yule jirani mwenye mdomo.

Bahasha nimeishona kwa mkono, maana gundi ya siku hizi ni mate matupu. Usicheke, kata uzi taratibu.

Wako,
Dada


Kijijini,
11 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua hii nampa mkunga wa zahanati, anashuka mjini kuchukua dawa. Gari la mradi limeharibika na siwezi kungoja, kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni.

Miti yangu inakatwa.

Wiki iliyopita nilipita kwenye kile kipande nilichoanza nacho mwezi wa pili. Mti wa kwanza niliowahi kuupiga rangi sikuuona. Nikadhani nimepotea njia. Kumbe nilikuwa nimesimama juu ya kisiki chake. Nikaenda kwa wa pili, kisiki. Wa tatu upo, wa nne kisiki. Gome limetupwa pembeni na mstari wangu mwekundu upo pale pale, umelala chini.

Niliporudi kitaluni akina mama walikuwa wanacheka, wakaninyamazia. Siku hizi ndivyo wanavyofanya. Nikikaa, mmoja anakumbuka ameacha chungu motoni, mwingine anahamisha vifuko vyake upande wa pili. Jana mmoja aliniangalia mikono, ilikuwa na rangi kwenye kucha, akatema mate chini. Sijui nimewakosea nini.

Sasa sikiliza. Juzi mpasua mbao alirudi na suruali imejaa unga wa mbao mpaka magotini. Mwekundu mwekundu, rangi ya miti ile ile. Nilimuuliza, "Baba, leo kazi ilikuwa wapi?" Akasema, "Huko chini, kwa..." akanawa mikono, basi. Jana nilienda nyuma ya nyumba kuanika nguo, nikaona magunia yamefunikwa juu ya kitu. Nikafunua. Mbao, dada. Mbao mbichi, nene, bado zinatoa maji.

Nakula chakula cha watu hawa. Mama Mwenyeji bado ananiwekea maji ya moto. Nilikosa usingizi, na asubuhi nikaenda kumwambia Mratibu. Hakushangaa sana. Alinishika bega, akasema, "Umefanya la kishujaa. Mwachie mimi." Nilidhani ningejisikia mwepesi nikishasema. Sijisikii hivyo.

Kijiti

Halafu, mbona bahasha yako umeishona kwa uzi mweusi kama nguo ya msiba? Wewe ulivyo mchaguzi wa rangi!


Mjini,
13 Machi

Kijiti,

Mkunga amekaa hapa dukani ananisubiri nimalize kuandika, anakunywa chai na kuniangalia kama mgonjwa wake. Nimempenda. Haulizi maswali.

Soma polepole. Mimi nilishona bahasha kwa uzi wa bluu. Bluu ya sare za shule, ndiyo iliyokuwa kwenye sindano. Uzi mweusi sikuwa nao hata kipande. Mtu aliifungua barua yangu, akaisoma, akaishona upya na uzi aliokuwa nao, akadhani wote ni uzi tu.

Barua ile ilipita kwa dereva, na dereva anaanza na kumaliza safari zake mezani kwa Mratibu. Sijui ni nani kati yao. Ila najua kwamba mtu mwenye nia njema hasomi matatizo ya cherehani yangu.

Kuanzia leo, barua ya gari ni ya kuonyesha, barua ya mkunga ndiyo ya kweli. Kwenye ya gari andika hali ya hewa.

Kuhusu mpasua mbao: inawezekana ni mwizi, sikatai. Lakini mti mnene hivyo hauangushwi na mtu mmoja na haubebwi na mtu mmoja. Mbao zinazofunikika kwa magunia ziko nyuma ya nyumba. Zilizobaki ziko wapi? Zimeondoka na gari la nani? Usimwambie mtu yeyote jambo lingine lolote mpaka tujue unamwambia nani.

Dada


Ofisi ya Mradi,
2 Aprili

Kwa Dada yetu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na afya njema, wewe, mume na familia yote.

Nakuandikia kama mlezi wa mdogo wako huku. Kwanza nikupongeze. Umelea binti jasiri. Kwa msaada wake askari wa misitu wamemkamata mtu aliyekuwa akihujumu miti yetu, akiwa na mbao nyumbani kwake. Yuko mahabusu na kesi inaandaliwa.

Kwa bahati mbaya jambo hili limemtikisa mdogo wako. Anaishi bado katika nyumba ile ile (nilimpa nafasi ya kuhama, akakataa), na wanakijiji si watu rahisi. Anaweza kukuandikia mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Nakuomba usiyape uzito. Ni uchovu na ugeni.

Kitu kimoja tu kimebaki: ushahidi wake mahakamani. Amekuwa akisitasita. Neno lako lina nguvu kwake. Ukimshauri aeleze alichokiona, mbao na unga wa mbao, na aishie hapo, mambo yatakwisha haraka, nami nitafurahi kumwandikia barua nzuri sana ya kumpeleka chuoni.

Pole pia kwa usumbufu wa cherehani. Mafundi wa siku hizi!

Wako katika kuhifadhi,
Mratibu


Mjini,
5 Aprili

Kijiti,

Mkunga akikupa hii, isome ukiwa peke yako.

Mratibu ameniandikia. Maneno yote yamepakwa asali. Anataka nikusukume uende mahakamani useme "mbao, unga wa mbao" halafu ufunge mdomo. Na mwisho kabisa, kwa upole wake wote, ananipa pole ya cherehani.

Je, ulimwambia wewe kuhusu cherehani yangu? Fikiri vizuri kabla hujanijibu. Kama ulimwambia katika mazungumzo ya kawaida, basi mimi ni mwanamke mwenye roho mbaya kama shemeji yako anavyosema. Kama hukumwambia, tuna mtu wetu.

Nimemjibu. Nimemshukuru kwa kukutunza, nimemwambia nitakushauri kama alivyosema, nikaweka na salamu za watoto. Nilipomaliza nikanawa mikono.

Na kwa nini hukuniambia kwamba mtu huyo ameshakamatwa? Nimelisikia kwake badala ya kulisikia kwako. Unanificha nini kingine?

Dada


Kijijini,
12 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sikumwambia. Cherehani yako sijamtajia hata kuku wa humu ndani.

Sikukuandikia kwa sababu ya aibu. Walikuja asubuhi, askari wawili na dereva wetu akiwaonyesha njia. Walienda moja kwa moja nyuma ya nyumba na kufunua magunia, hawakuuliza hata jina la mtu. Mpasua mbao alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe, akaniangalia. Alinijua, dada. Kabla hawajamfunga mikono alikuwa ameshajua. Mama Mwenyeji aliwafuata mpaka barabarani bila viatu, kisha akarudi, akafagia uwanja wote, akaniwekea maji ya kuoga. Hayakuwa ya moto. Basi, hiyo ndiyo adhabu niliyopewa. Nimeishi nayo.

Halafu miti iliendelea kukatwa. Yeye yuko ndani na miti inaanguka. Nimekuta visiki vipya vitatu, vyote vina rangi yangu.

Juzi nikashindwa kuvumilia. Mama Mwenyeji alikuwa anachambua maharage, nikakaa chini mbele yake.

Nikasema, "Mama, nisamehe, lakini niambie ukweli. Baba alikuwa anakata miti?"

Hakuinua macho. "Alikuwa anapasua. Wanaokata ni wengine, wanakuja na msumeno wa mashine."

"Nani aliwaleta?"

"Wewe unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza, mama."

Hapo akaniangalia. "Dereva wenu alikuja hapa kabla hujafika. Akamwambia mume wangu, mradi una kibali cha kuvuna miti iliyozeeka, itapigwa rangi nyekundu, kazi yako kupasua tu, na mbao za pembeni utachukua mwenyewe. Tukangoja kuona hiyo rangi. Ukaja wewe na kopo." Akaokota jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Kijiji kizima kinakuona unaingia msituni na brashi. Unapopita, wiki ya pili yake pamekatwa. Tulijua wewe ndiye unayechagua. Mimi nilikuwa najiuliza, mtoto mpole hivi, anawezaje? Kisha ukamchoma mume wangu. Nikasema sawa, sasa nimeelewa, wamemtumia na sasa wanamtupa."

Dada, mimi ndiye niliyewaonyesha kila mti. Kila jioni nilienda mwenyewe ofisini, nikiwa na furaha, nikamweleza ni wapi, mnene kiasi gani, njia ya kuufikia ikoje. "Una jicho, binti."

Nikamwambia yote. Uzi, cherehani, barua zako. Nilitegemea atanifukuza. Alichambua mpaka maharage yakaisha, kisha akasema, "Unaweza kuwa unaniongopea sasa hivi." Nikasema ninaweza. Akasema, "Basi tuone."

Mpango ni wake. Ng'ambo ya korongo kuna mti mkubwa kuliko wote, umejificha, wanaujua akina mama wanaookota kuni tu. Nitakuandikia barua ya gari, nikutajie mti huo. Sitauambia mradi, sitaupiga rangi. Mtu akija kuukata, atakuwa ameusoma kwenye barua yako. Alhamisi ya tarehe ishirini na nne Mratibu ameita mkutano wa kijiji kizima bondeni, wageni wanakuja kupiga picha, na msitu utakuwa mtupu. Watakuja siku hiyo.

Lakini tukiwaona sisi tu, nani atatuamini? Unamfahamu mtu yeyote?

Kijiti


Mjini,
15 Aprili

Kijiti,

Afisa misitu ana gauni lake hapa kwangu tangu mwezi wa kwanza, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kengele. Nilipeleka gauni ofisini kwake mwenyewe ili nimwone akiwa kwenye kiti chake. Nilimpa hadithi nusu, nikamwangalia uso. Kama anakula sahani moja na Mratibu, basi anajua kuigiza. Alisema ameshapokea malalamiko ya msitu huo na kila akifika na gari la ofisi anakuta kila kitu kimetulia, na chai imeshachemka. Bila kuwashika na msumeno mkononi hana la kufanya.

Atakuja na askari wawili. Hawatapanda gari la ofisi. Shemeji yako atawabeba kwenye lori lake la matofali, chini ya turubai. Amefurahi kama mtoto, na amekatazwa kuimba njiani.

Sina uhakika na mtu yeyote katika mambo haya, hata huyo mama yako mwenyeji. Anaweza kuwa anakupeleka korongoni kukulipiza mume wake. Kaa karibu na afisa. Usikae mbele. Andika barua yako ya gari, na iwe ya kijinga kama ulivyokuwa Februari.

Dada


Kijijini,
21 Aprili

Dada mpendwa sana,

Shikamoo! Hali ya hewa nzuri, mvua kidogo, miche inachipua.

Nimefurahi kusikia kwamba unaniunga mkono niende mahakamani. Mratibu ni mtu mwema, nimetulia sasa.

Nina habari ambayo sijamwambia mtu, ni zawadi yako wewe wa kwanza. Nimegundua mti wa ajabu! Ng'ambo ya korongo, ukivuka kwenye lile daraja la magogo na kufuata kijito kupanda juu. Mnyoofu kama nguzo, hauna tundu wala tawi mpaka juu kabisa. Nadhani ndio mama wa miti yote. Alhamisi hatuna nafasi, kijiji kizima tupo mkutanoni, ila Ijumaa nitakwenda kuupiga rangi na kumshangaza Mratibu. Atafurahije!

Wasalimie wote.

Kijiti


Kijijini,
24 Aprili, jioni

Dada,

Shemeji atakueleza haya yote kwa chumvi zake, ndiyo maana nakuandikia kabla hajawasha lori.

Walikuja.

Tulikuwa juu ya kijito tangu asubuhi, akina mama wa kitalu kumi na kitu, afisa na askari wake, na mimi. Nilikaa karibu na afisa kama ulivyosema, na kusema kweli nilikuwa namtazama Mama Mwenyeji kuliko nilivyoitazama njia. Naye alikuwa ananitazama mimi. Yule aliyetema mate alikaa nyuma yangu, nikawa nasikia pumzi yake shingoni. Muda ulikwenda, hakuna mtu. Nikaanza kuona wanavyobadilishana macho. Mmoja akanong'ona, "Ametuleta huku ili kule bondeni wafanye mambo yao." Mama Mwenyeji hakunitetea.

Kisha tukasikia gari la mradi. Ninaujua mlio wake, lina kikohozi. Wakashuka dereva na vijana wawili nisiowajua, msumeno wa mashine begani. Walikuja moja kwa moja. Daraja la magogo, kijito, juu. Dereva alikuwa anatembea mbele kama mtu anayefuata maelekezo ya kwenda harusini.

Afisa alitaka msumeno uwashwe kwanza. Uliwashwa. Dada, ule mlio uliingia kwenye meno yangu. Walikuwa wameshaingia kwenye gome kiasi cha kiganja ndipo afisa akainua mkono, na kabla askari hawajafika, Mama Mwenyeji alikuwa ameshashuka. Alisimama mbele ya dereva. Kijana akazima msumeno mwenyewe.

Akamuuliza, polepole kabisa, "Leo umefuata rangi gani?"

Dereva akasema, "Mama, sisi tumetumwa tu."

"Mti huu hauna rangi. Nionyeshe rangi."

Akauangalia mti, akazunguka nyuma yake, kweli alikwenda kutafuta rangi. Akarudi mikono mitupu. Akaniona mimi nimesimama kati ya akina mama, na nikaona uso wake ukishuka.

"Nani alikuambia upo hapa?" akauliza Mama Mwenyeji.

Alijaribu kusema ni bahati tu. Afisa akamwuliza mara moja tu, kwa ile sauti, na yeye akamtaja Mratibu. Akasema barua zote hupita mezani kwake kwanza. Nikamuuliza na bahasha iliyoshonwa upya, akasema uzi aliutafuta yeye, nao ulikuwa wa mke wake, hakujua kwamba rangi ina maana.

Mratibu alikuwa ameshaondoka mkutanoni. Tulimkuta ofisini, begi liko wazi juu ya kiti. Alimkaribisha afisa chai. Nakuapia, chai! Walipomtoa alipita karibu yangu, akasema kwa sauti ile ile ya siku zote, "Ningekuandikia barua nzuri sana ya chuo." Nilikuwa nampenda yule mtu, dada. Nilitamani nimfurahishe. Hata leo sehemu yangu moja ilitaka anisifu kwa kuutafuta mti mzuri hivyo.

Mti utapona, ndivyo akina mama wanavyosema. Waliusilibia udongo kwenye kidonda. Sikuombwa kusaidia. Nilishika ndoo mwenyewe na hakuna aliyeninyang'anya.

Afisa anasema mpasua mbao atapewa dhamana, lakini kesi yake haijafutwa. Mbao zilikuwa kwake. Nami bado ni shahidi. Sijui nitamwangaliaje akiingia mlangoni. Nataka kurudi nyumbani. Mtume shemeji anichukue wiki ijayo.

Kijiti


Kijijini,
6 Mei

Kwa Dada wa mtoto,

Salamu. Hunijui, mimi ndiye mama anayekaa naye. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu sikuwa na la kukuandikia lililo zuri, na baya sikutaka kumpa mkunga abebe.

Lori la mume wako lilikuja na limerudi bila mdogo wako. Usimlaumu yeye wala mumeo. Mimi ndiye niliyesema asiondoke, na nitakueleza kwa nini.

Mume wangu ametoka kwa dhamana. Amekonda, na anakaa ukutani kama mgeni. Siku aliyorudi hakumsemesha mdogo wako, naye mtoto alijificha jikoni akaosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Kesho yake tukiwa mezani mume wangu akamwuliza, "Yule bwana ulimwambia nini juu yangu?"

Mtoto akamweleza. Unga wa mbao kwenye suruali, magunia nyuma ya nyumba, alivyofunua, alivyokwenda ofisini asubuhi. Hakukata neno na hakujipamba. Alilia lakini aliendelea kusema huku analia.

Mume wangu akasema, "Basi mahakamani nako useme hivyo hivyo. Mbao nilizipasua mimi. Nilijua kibali hakipo. Nilihisi, nikajifanya sijahisi."

Nilikasirika. Nilimwambia watamfunga, na mtoto huyu ndiye atakayemfunga. Akasema wakimfunga, watamfunga pamoja na yule aliyemtuma, ila yeye mwenyewe akidanganya, yule naye atapata pa kudanganyia. Nimeolewa naye miaka mingi na sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Nikaondoka mezani.

Kwa hiyo mtoto abaki mpaka siku ya kesi, tarehe kumi na tisa. Akiondoka sasa, watu watasema alikuja, akaharibu, akakimbia, na wengine bado wanasema hivyo. Akina mama wamemrudisha kitaluni. Hawampi maneno mengi, lakini wanampa jembe.

Nikuambie ukweli, dada yangu, maana naona nawe ni mtu wa ukweli. Simpendi kama nilivyompenda alipofika. Nikimwona anacheka na mtu, bado najiuliza anacheka nini. Usiku mmoja nilisimama mlangoni kwake kusikiliza kama anaandika. Nilijionea haya, lakini nilisimama. Siwezi kukuahidi kwamba hili litakwisha.

Ila siku ya kesi nitakaa naye benchi moja, upande wa mashahidi, watu wote waone. Hilo nimeshaamua.

Njoo na wewe. Funga duka siku hiyo, wateja watangoja. Mume wangu akifungwa, nitalazimika kurudi na huyu mtoto kwenye nyumba ile, sisi wawili, na sitakuwa na la kumwambia. Nahitaji mtu wa tatu mezani.

Mimi,
Mama Mwenyeji